Namna ya kumjua mapema risiva wa chuo atakayehangaika NFL

Kila mwaka mwezi wa nne ikifika drafti ya NFL (timu za ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu) ni yale yale, wadau wanarushiana klipu ya risiva wa chuo, yaani mdakaji wa pasi, anaruka juu ya mabeki wawili anadaka kwa mkono mmoja, komenti zimejaa "huyu ni Randy Moss mpya", yule risiva gwiji wa zamani, timu inamchukua raundi ya kwanza, afu miaka mitatu baadae unasikia kaachwa na hakuna hata anayeuliza yuko wapi. Na sio kwamba alikuwa hajui mpira, chuo alikuwa moto kweli kweli. Charles Rogers wa Michigan State alibeba tuzo ya Biletnikoff 2002, ile ya risiva bora wa vyuo, Detroit Lions wakamchukua namba 2 mwaka 2003, na maisha yake yote NFL akacheza mechi 15 akadaka mipira 36. Aliyechukuliwa namba 3, nyuma yake tu, ni Andre Johnson ambaye leo yuko Hall of Fame, ukumbi wa magwiji.

Kesi ya Rogers ina mambo yake nitayafikia. Ila wengi wao ukijua pa kuangalia unawaona mapema kabisa, na pa kuangalia sio mikono wala mbio. Ni yadi tano za kwanza (yadi ni mita moja kasoro kidogo), na kichwa. Chuo risiva anapewa nafasi, NFL nafasi anaitengeneza mwenyewe. Hiyo ndo hoja yangu yote, sasa twende namna ya kuifanyia kazi ukiwa na simu na bando lako.

Achana na hailaiti, tafuta mechi nzima

Hailaiti inakuonesha mipira aliyodaka. Wewe unataka kuona plei, yaani yale mashambulizi moja moja, ambazo hakurushiwa kitu, manake humo ndo utajua kama alikuwa wazi na kotabeki, yule mrusha pasi, hakumuona, au alikuwa kafunikwa tangu mwanzo. Kama uko Afrika Mashariki mechi za Jumamosi za mchana wa Marekani zinaanza saa moja usiku kwetu, wakishabadilisha saa zao mwanzoni mwa mwezi wa 11 zinakuwa saa mbili, kwahiyo hata kukesha hukeshi. Shida ni kamera. TV inamfuata kotabeki, mpira ukishatoka tu sekunde moja risiva ashatoka kwenye picha. Subiri marudio, hasa yale ya kutokea nyuma ya goli, au tafuta zile video watu wanakata kila mpira aliorushiwa mchezaji kwenye mechi moja, na ile iliyodondoka imo.

Na usichague mechi ovyo. Zile za Septemba ambazo timu kubwa inailipa timu ndogo ije ifungwe 56 kwa 7, ruka. Tafuta ile aliyokutana na konabeki (beki wa pembeni anayemlinda risiva) ambaye nae ameenda drafti. Kama kwa msimu mzima ni mechi mbili tu za namna hiyo basi hizo mbili zina uzito kuliko zingine zote.

Yadi tano za kwanza

Hapa tulia, hapa ndo penyewe.

Vyuo vya daraja la juu viko zaidi ya 130, timu za NFL ni 32. Fikiria sasa konabeki wangapi wa kiwango kijana anakutana nao msimu mzima wa chuo. Wachache sana. Waliobaki wanamuogopa, kwahiyo wanasimama mbali nae yadi saba, nane, wakati mwingine kumi, ili asiwapite kwa mbio. Ni kama winga ambaye beki wa pembeni anarudi nyuma kila akigusa mpira, lazima aonekane fundi. Risiva anakimbia yadi sita anageuka, mpira uko kifuani, watu wanapiga makofi, takwimu zinapanda. Nafasi ile hajaitengeneza, ameikuta.

Uwanja wenyewe nao unachangia. Zile alama mbili za katikati ambapo mpira unawekwa kabla ya plei, chuo zimeachana futi 40, NFL ni futi 18 na nusu tu. Kwahiyo chuo mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia unabaki na kama mita 30 za kuchezea, makocha wanatanua marisiva mpaka karibu na mstari na beki anabaki peke yake kwenye kiwanja kizima. NFL mpira uko karibu na katikati muda wote, kila kitu kimebana.

Afu anafika NFL. Konabeki wa tatu wa timu mbovu kuliko zote alikuwa staa chuoni kwake, na huyu hasimami mbali, anakuja puani kwako. Sheria inamruhusu akusukume ndani ya yadi tano za kwanza, na atazitumia zote. Jambo la kuchekesha ni kwamba kisheria chuo ndo wamelegeza zaidi, beki anaweza kukugusa mpaka mpira uwe hewani, ila hawana ujuzi wala ubavu wa kuitumia hiyo ruhusa. NFL wana yadi tano tu ila wanajua cha kuzifanyia.

Sasa angalia miguu. Snapu imetoka, yaani plei imeanza, beki yuko mbele yake umbali wa mkono mmoja, na ule mkono unakuja kifuani. Asiyejua anafanya moja kati ya mawili, aidha anaingia kifua kwa kifua kutumia nguvu, au anachezesha miguu hapo hapo, tapu tapu tapu, anaonekana mjanja ila hajasogea hata yadi moja, na kotabeki wa NFL ana kama sekunde mbili na nusu za kuachia mpira. Ruti, ile njia aliyopangiwa kukimbia, imekufa hata kabla haijaanza. Anayejua, tazama klipu yoyote ya Davante Adams, anatoa hatua moja kama anaenda nje, anasubiri kiuno cha beki kifunguke kidogo, kile kiuno kikigeuka tu anapiga ule mkono ushuke chini na kukata ndani, na ule mkono wa beki unashika hewa. Hana haraka. Anamsubiri mwenzie akosee.

Kwahiyo kwenye mechi yako ya chuo hesabu ni mara ngapi alibanwa hivi na alitokaje. Ukikuta mechi nzima amebanwa mara mbili, hilo ni jibu pia, manake bado hajafanya mtihani na timu inakwenda kumlipia kana kwamba kafaulu.

Kuna mtego mwingine hapa hapa. Wale wa kudaka mipira ya kugombania, warefu wenye kifua, anapigwa huku anadaka, anaanguka nao. Tunawapenda, hata mimi nawapenda. Ila kama hailaiti zote ana beki mgongoni, jiulize mbona beki yuko mgongoni kila siku? N'Keal Harry wa Arizona State alikuwa mtu wa mipira hiyo, Patriots wakamchukua namba 32 mwaka 2019, hakuwahi kuachana na mabeki wa NFL. Nyuma yake kwenye drafti ile ile walikuwepo Deebo Samuel namba 36, A.J. Brown 51, DK Metcalf 64 na Terry McLaurin 76. Inauma ukiwa shabiki wa Patriots.

Chukua karatasi, hesabu ruti

Mti wa ruti wa kawaida una matawi tisa hivi, kuna ile ya kukata ndani haraka, ya kusimama na kurudi, ya kukata nje, ya kwenda kwenye kona ya goli, ya kupasua katikati, na ile ya kunyoosha moja kwa moja. Kila plei andika alikimbia ipi. Kuna mifumo ya chuo ambayo risiva anakimbia tatu tu, anapewa pasi fupi ya pembeni akimbie nayo, au ananyoosha, au anasimama. Chuo cha Baylor kuelekea 2015 kilisifika kwa hilo, walitanua uwanja mno na marisiva wao wakawa na takwimu za kutisha. Corey Coleman alitoka pale na Biletnikoff ya 2015, Browns wakamchukua namba 15 mwaka 2016, haikufika mbali. Drafti hiyo hiyo Michael Thomas alikaa mpaka namba 47, na mwaka 2019 akadaka mipira 149, rekodi ya msimu mmoja.

Ila idadi ya ruti peke yake haitoshi, angalia anasimamaje. Mpe ile ruti ya kukimbia yadi 14 na kurudi kwenye mpira. Mzuri anashusha makalio, hatua mbili tatu kasimama, kichwa kimegeuka tayari. Mbaya anaanza kupunguza mwendo mapema, anainuka kifua, hatua tano sita, na konabeki wa NFL akiona kifua kimeinuka tu anajua unasimama, anakuwahi. Chuo beki haoni hivo vitu. NFL wanalipwa kuona hivo vitu.

Na usiishie kwenye alipangwa wapi. Justin Jefferson mwaka wake wa mwisho LSU alicheza sana sloti, kule ndani ambako habanwi, alidaka mipira 111 na watu wakasema huyu huko nje hataweza. Eagles wakampita wakamchukua Jalen Reagor wa TCU namba 21 mwaka 2020, Vikings wakamdaka Jefferson namba 22 na akafungua na yadi 1,400 mwaka wake wa kwanza. Ni kweli hakubanwa sana chuoni, ila miguu ilikuwa inaonekana, anavokata, anavosimama, anavomdanganya beki kwa mabega. Mtu ambaye hakupewa mtihani na mtu ambaye hana jibu ni watu wawili tofauti, na kuwatofautisha ndo kazi yenyewe.

Saa ya mbio isikutie wazimu

Mwezi wa pili au wa tatu wanaenda Kombaini Indianapolis, majaribio ya kabla ya drafti, wanakimbia yadi 40, na kila mwaka kuna mtu anapanda kwenye orodha kwa sababu ya namba moja. John Ross alikimbia sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi wakati ule, Bengals namba 9, mwaka wa kwanza hakudaka mpira hata mmoja. Darrius Heyward-Bey alikimbia 4.30, Raiders wakamchukua namba 7 mwaka 2009 kabla ya Michael Crabtree aliyekwenda namba 10. Huku Cooper Kupp alikimbia 4.62, mzito kwa risiva, katoka chuo kidogo cha Eastern Washington, raundi ya tatu, na mwaka 2021 akamaliza na mipira 145, yadi 1,947 na tachidauni 16 (kufunga kwa kufikisha mpira eneo la goli), akaongoza ligi kwenye vyote vitatu na kuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi.

Mbio zinasaidia kama mtu kishatoka kwenye yadi tano. Kama hajatoka anakimbilia wapi?

Kichwa, ambacho kwenye TV hakionekani vizuri

Chuo nyingi plei inatoka pembeni, kuna mabango yana picha, kuna ishara za mikono, risiva anaangalia ishara yake anaambiwa kimbia hii, basi, anaikimbia hivo hivo. NFL anasimama kwenye duara kotabeki anatema sentensi ndefu ya maneno kumi na zaidi, na ndani ya ile sentensi kazi yake ni neno moja au mawili, na bado hilo neno linabadilika kutegemea mabeki wamesimamaje.

Mfano mmoja. Anaambiwa akimbie yadi 12. Sefti wa katikati, yule beki wa mwisho, akibaki nyuma, asimame ageuke. Sefti akisogea mbele, aendelee kupasua katikati. Hiyo anaisoma akiwa kwenye mbio, na kotabeki nae anaisoma akiwa nyuma kule, na mpira unaachiwa kabla risiva hajageuka. Wakisoma sawa ni yadi 20. Mmoja akisoma tofauti mpira unaenda sehemu ambayo hakuna mtu isipokuwa beki, TV inamuonesha kotabeki anatikisa kichwa na watu mtandaoni wanasema kotabeki kaharibu. Mara nyingi ni risiva. Ikitokea mara tatu kotabeki anaacha kumtazama kabisa, na kijana anadaka mipira miwili kwa mechi na sisi tunasema kaisha. Hajaisha, haaminiwi.

Utalionaje hili chuoni? Angalia plei ikivunjika. Kotabeki anakimbizwa, ruti imeisha, je risiva anasimama kama anasubiri basi, au anatafuta uwazi na kurudi kumpa kotabeki pa kurusha? Angalia pia anapokutana na mabeki wanaolinda eneo badala ya kumlinda mtu. Mwenye kichwa anapunguza mwendo akifika kwenye uwazi kati ya mabeki wawili. Asiye nacho anapita kwenye uwazi mbio mbio mpaka kwenye mikono ya beki wa pili.

Mikono, kwa kifupi

Kudondosha mpira kunatisha kuliko kunavostahili. Angalia anadondosha vipi. Kama anaanza kukimbia kabla hajaushika, hilo linafundishika. Kama mpira unampiga kifuani kila siku kwa sababu anadakia mwilini, ni tatizo, manake NFL beki atapitisha mkono hapo katikati. Troy Williamson, Vikings namba 7 mwaka 2005, mbio alikuwa nazo, mikono ikamkataa, ikafika mpaka macho yake kuzungumziwa.

Kuna vitu vidogo pia. Mpira wa chuo una mistari myeupe, wa NFL hauna, na Ja'Marr Chase alipokuwa anadondosha kwenye mechi za maandalizi 2021 alisema wazi kwamba hiyo inamsumbua kuuona unavozunguka, watu wakamcheka, afu msimu ukaanza akapiga yadi 1,455. Na mguu, chuo ukigusa ndani mguu mmoja imehesabika, NFL lazima yote miwili. Kwahiyo ile ya pembeni nzuri ya Jumamosi irudishe polepole uone mguu wa pili ulikuwa wapi. Kuna wanaovuta vidole vya mguu wa pili ndani hata kama sheria yao haiwadai. Hao weka alama.

Usivyoweza kuvisoma kwenye video

Hapa ndo Rogers anaingia. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, msimu wa kwanza, akavunjika tena wa pili, afu 2005 akafungiwa kwa sera ya ligi ya dawa. Justin Blackmon alibeba Biletnikoff mara mbili, Jaguars namba 5 mwaka 2012, alikuwa anaweza kabisa, adhabu za ligi ndo zikamtoa. Kevin White, Bears namba 7 mwaka 2015, mfupa wa mguu ukampotezea mwaka wote wa kwanza na majeraha yakafuatana. Ukiwaweka hawa kwenye kapu moja na aliyeshindwa kutoka akibanwa unajidanganya. Huyu alishindwa kucheza, wale walishindwa kufika uwanjani, na hakuna ruti utakayoihesabu ikuambie hilo.

Kuhusu timu mbovu na kotabeki mbovu, ni kisingizio chenye ukweli nusu. Lions wa 2008 hawakushinda mechi hata moja, 0 kwa 16, na Calvin Johnson akatoka humo na yadi 1,331 na tachidauni 12. Lakini Calvin ni Calvin. Kwa kijana wa kawaida, kubadilishiwa kocha kila mwaka ni kujifunza kitabu cha plei upya kila mwaka, na yule ambaye kichwa ndo kilikuwa shida yake anazidi kupotea.

Usimhukumu mapema, hasa kama unacheza fantasi (mchezo wa kuunda timu yako kwa takwimu za wachezaji halisi)

Davante Adams huyo huyo niliyekuambia umtazame, Packers raundi ya pili 2014, mwaka wa kwanza yadi 446. Mwaka wa pili yadi 483, tachidauni moja, na mipira ilikuwa inamponyoka mpaka mashabiki wa Green Bay wakataka aachwe. Mwaka wa tatu yadi 997 na tachidauni 12.

Kwahiyo mwaka wa kwanza na wa pili usiangalie sana takwimu, rudi kwenye ile karatasi yako. Je anabanwa na sasa anatoka? Ruti zimeongezeka? Kotabeki anamrushia kwenye tatu na ndefu, ile plei ambayo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja? Kama majibu yanasogea, mng'ang'anie hata kama ana yadi 400. Kama mwaka wa tatu bado mipira yake yote ni ya pasi fupi za pembeni na kunyoosha moja kwa moja, muuze kwa rafiki yako ambaye bado anatazama hailaiti za chuo.